Uwanja Uliofagiwa kwa Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi Bi Komeo huanza kufagia langoni, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwake, ili hata nyayo zake mwenyewe zisibaki. Uwanja wa nyumba anayoitunza ni mchanga mtupu, mweupe, na fagio la njiti huuchora mistari kama nywele zilizotoka kuchanwa. Akimaliza hulisimamisha fagio nyuma ya mlango wa jikoni, akakaa kizingitini na kuutazama uwanja. Kuanzia hapo, chochote kitakachopita, awe kuku wa jirani au mtoto aliyefuata mpira, kitaacha habari zake.

"Mdomo unaweza kunidanganya," husema. "Unyayo bado."

Jina hilo alipewa na mtaa. Hufunga lango kwa komeo na kufuli, hufunga stoo, hufunga hata pipa la maji. Wenye utani husema akipiga mwayo huuziba mdomo kwa mikono miwili, asije mtu akachungulia ndani.

Hapa kwetu ni manispaa, ndivyo kibao kinavyosema. Kibao chenyewe kimesimama ukingoni mwa shamba la mihogo na mbuzi hujikuna mgongo kwenye nguzo yake. Barabara ya lami hutoka jijini kwa majivuno, ikitukaribia hukonda, mwisho hukata tamaa ikawa mchanga. Watu wa jiji wamenunua mashamba ya wazee wetu kipande kwa kipande, wakayazungushia kuta na kujenga nyumba za kupumzikia zinazotazama bahari. Hufika Jumamosi, huondoka Jumapili. Siku zilizobaki nyumba hizo hulala zimefumba macho, na ndani ya kila ukuta kuna mtu mmoja katika chumba cha uani, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna kinachotokea.

Bi Komeo hakuja hapo kutafuta kazi. Alikuja akirudi kwao. Aliolewa mbali, akafiwa na mume, akapanda basi na masanduku mawili. Aliposhuka alifuata njia aliyoijua tangu utoto, na njia ikamfikisha kwenye ukuta. Upande wa pili mafundi walikuwa wanachanganya zege mahali ambapo mama yake alikuwa na jiko. Kaka yake, mdogo wake wa pekee, alikuwa ameliuza shamba la baba yao kwa dalali na kununua pikipiki.

"Baba kafa, wewe umeolewa," alimwambia. "Nani angelima, dada? Panya?"

Hakulia, wala hakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alimwendea msimamizi wa mafundi akaomba kazi ya kubeba maji. Nyumba ilipokwisha, mwenye nyumba alitafuta mtunzaji, akamkuta tayari yuko pale, kama kisiki ambacho hakuna aliyekumbuka kuking'oa.

Mwenye nyumba, ambaye yeye humwita bosi, alinunua kupitia dalali, na hakuwahi kuonana na muuzaji. Hajui kwamba mwanamke anayemfungulia lango alizaliwa hatua chache kutoka palipo choo cha wageni. Bi Komeo hajamwambia, na ana sababu. Mtunzaji wa nyumba ya pili alifukuzwa siku ile ile ilipojulikana kuwa ni mtoto wa aliyeuza kiwanja. Mnunuzi wa jijini humwogopa mtoto wa shamba kuliko mwizi. Mwizi huchukua kitu akaenda zake. Mtoto wa shamba anaweza kuamka asubuhi moja akasema, hapa ni kwetu. Basi chumba kile cha uani, chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama mihogo ya jirani, ndicho kilichobaki cha urithi wake. Akitolewa pale hana pengine pa kurudi, maana pale ndipo aliporudi.

Ndiyo sababu pasi ilipopotea, alipekua kabati zote mara mbili.

Alifikiri bosi ameisahau jijini. Kisha kikapotea kioo cha mviringo kilichokuwa chumbani. Kisha picha ya bibi kizee iliyotundikwa ukumbini. Runinga ilikuwepo, redio ilikuwepo, chupa za bosi kabatini zilikuwepo na vumbi lake. Bi Komeo alizunguka nyumba akinusa madirisha kama mbwa. Hakuna kitasa kilichovunjwa. Hakuna unyayo uwanjani.

Alhamisi moja, akirudi zahanati anakokwenda kila wiki kwa ajili ya goti lake, alifungua lango akasimama. Uwanja ulikuwa safi. Ulikuwa safi mno. Asubuhi alipotoka alikanyaga mchanga kutoka mlangoni mpaka langoni, na alitegemea kuzikuta nyayo zake mwenyewe zikimsubiri. Hazikuwepo. Fagio halikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, lilikuwa limeegemezwa ukutani kando ya lango. Akainama, goti likilalamika, akaisoma mistari. Ilianzia nyumbani ikaishia langoni. Na ilikuwa imelalia upande usio wake, kama mwandiko wa mtu anayetumia kushoto.

Ndani, mashuka yaliyotariziwa hayakuwepo.

Tangu hapo hakula vizuri. Mgeni anayeingia nyumbani kwako ni jambo moja; mgeni anayefagia nyuma yake ni jambo jingine. Huyo anakujua. Anajua unalala saa ngapi na unaamka unatazama nini. Watu wa jiji, aliwaza, hawajui kufagia mchanga, wao hupiga deki. Mke wa bosi, kwa mfano, hutembea juu ya vibao vya mawe tu, viatu vyake havigusi chini, na miwani yake nyeusi haitoki usoni hata ndani ya nyumba. Yule mama, Bi Komeo aliapa, akiona fagio la njiti atadhani ni ua lililonyauka. Hapana. Mkono huu ulikuwa wa hapa hapa.

Jumamosi bosi alimwita barazani. Si mtu mbaya. Ana ule wema wa mtu ambaye hajabishiwa kwa muda mrefu.

"Mama, mimi siongei sana. Lango halijavunjwa. Mlango haujavunjwa. Funguo ni pete mbili, moja mfukoni kwangu na nyingine kiunoni kwako. Sasa nimejiibia mwenyewe?"

"Sijachukua hata kijiko, bosi."

"Sijasema umechukua. Nasema unajua, au unapaswa kujua. Ndiyo kazi yako." Akageuka kumtazama mkewe, aliyekuwa kitini akifunua gazeti. "Na mwizi gani huyu, anaacha runinga anabeba picha ya ajuza?"

Mkewe alifunua ukurasa mwingine.

"Jumamosi ijayo nikija nipe jina," bosi alisema. "Bila jina, mama, funga mizigo."

Jina analo. Alikuwa nalo tangu siku ya pasi, ila hakutaka kulitazama usoni. Kaka yake huja mara kwa mara mchana kuomba maji ya kunywa, akajilaza kivulini, na pete ya funguo huwa imelala mkekani pembeni yake wakati yeye anachambua mboga. Na mkewe, wifi yake, hufagia kwa mkono wa kushoto. Alimwona kwa macho yake, siku za nyuma, akamtania kwamba anafagia kama anayefukuza nzi.

Jumatatu alikwenda kijiweni, penye waendesha pikipiki, chini ya bango la manispaa linalokataza kuegesha pikipiki.

"Dada!" kaka yake akaita. "Leo umeiacha nyumba peke yake? Haitalia?"

Wenzake wakacheka.

"Pasi iko wapi?"

"Pasi gani?"

"Pasi, kioo, picha, mashuka. Umempelekea nani?"

Kicheko kikapungua. Kaka yake akazima injini.

"Dada, mimi shamba zima niliuza mchana kweupe, na mashahidi wakakaa kwenye viti. Leo nihangaike na pasi?"

Mmoja wa wenzake akapaliwa na kicheko. Bi Komeo hakugeuka.

"Aliyemla ng'ombe hashindwi na mkia."

"Basi mkia huo sijauona. Nenda ukamtafute aliyeula."

"Na mkeo? Uwanja umefagiwa kwa mkono wa kushoto. Hapa mtaani nani mwingine—"

"Ishia hapo." Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na hilo ndilo lililowanyamazisha wote kijiweni. "Mimi nitukane, nimezoea, na labda nastahili. Mke wangu mtoe mdomoni. Ulipolazwa na hilo goti, nani alikuogesha? Kwa mkono upi?"

Bi Komeo alilishika goti lake.

"Kuanzia leo ukiniona njiani, mimi ni dereva tu. Kaka huna." Akawasha pikipiki akaondoka bila abiria.

Alirudi nyumbani akijiambia kwamba mtu asiye na hatia hakasiriki hivyo. Usiku kucha alijiambia. Alipoamka alikuwa bado anajiambia, na ndipo alipogundua kwamba hajasadiki.

Alhamisi iliyofuata aliondoka na mwavuli, akimsalimia kila mtu kwa sauti kubwa ili dunia yote ijue amekwenda zahanati. Kwenye kona ya mwisho aliukunja mwavuli, akaingia katikati ya mihogo na kurudi hadi kilango cha nyuma, ambacho yeye tu hukitumia. Akajifungia stoo, kati ya makopo ya rangi, akatazama kupitia matofali ya matundu. Joto lilikuwa la kuokea mkate. Alikaa akisikiliza kila pikipiki inayopita, na polepole, kwa aibu, akatambua kwamba anaomba awe yeye. Kama kaka yake ni mwizi wa pasi, basi hasira yote aliyoibeba tangu siku ya ukuta ingekuwa na pa kukaa.

Iliyosimama ilikuwa teksi ya kijani. Kufuli likafunguka bila kelele, kwa ufunguo.

Akaingia mke wa bosi.

Hakuwa na miwani. Akaingia ndani pamoja na dereva wa teksi, wakatoka wamebeba cherehani iliyofungwa blanketi. Dereva alipokwisha kuipakia, yule mama alivua viatu, akavitupa nje ya lango, akainua sketi na kuichomeka kiunoni. Akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa jikoni, bila kutafuta, akachukua fagio. Akaanza mlangoni, akarudi kinyumenyume kuelekea langoni, mkono wa kushoto ukienda na kurudi. Alifagia vizuri. Alifagia kama mtu aliyeamshwa alfajiri kwa kazi hiyo utoto wake wote, mgongo umeinama sawasawa, pumzi imetulia. Hilo lilimuuma Bi Komeo kuliko wizi.

Alimwacha afike katikati, kisha akatoka.

"Umesahau pale," alisema. "Karibu na bomba."

Fagio likasimama. Walitazamana juu ya mchanga.

"Shikamoo, mama," mke wa bosi alisema hatimaye.

"Marahaba. Tangu lini unanisalimia?"

Mke wa bosi alicheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni. "Ulienda zahanati."

"Nilienda, nikarudi. Ufunguo umeupata wapi?"

"Nilichonga. Akiwa amelala." Akafuta jasho kwa mkono. "Hivi vitu ni vyangu. Cherehani ya mama yangu. Picha ni ya bibi yangu, ndiye aliyenilea, kwenye uwanja kama huu huu. Naondoka kwake. Akijua kabla sijamaliza atabadilisha makufuli yote, namjua. Atavichoma kuliko anipe."

"Na mimi?"

"Wewe vipi?"

"Mimi Jumamosi natupwa nje kwa pasi yako."

Ilionekana wazi kwamba hakuwa amelifikiria hilo. Alilifikiria pale pale, fagio mkononi, na Bi Komeo akauona uso wake ukihesabu.

"Nitamwambia kabla. Jumamosi yenyewe, nitasema mimi. Naapa."

"Usiape. Watu wa kuapa nimezika wawili."

"Niamini, mama."

"Malizia pale karibu na bomba," Bi Komeo alisema, akaingia chumbani kwake.

Ijumaa alishika simu mara nyingi, akaiweka. Akimpigia bosi, bosi atamuuliza mkewe, na mkewe atasema yule mama wa uani amechanganyikiwa. Na huenda ni mtego. Huenda bosi mwenyewe ndiye aliyemtuma mkewe aje acheze mchezo ule, waone mtunzaji ni wa aina gani. Alilizungusha wazo hilo kichwani mpaka likawa na mikono na miguu. Hakumwamini bosi, hakumwamini mkewe, na kwa kuwa alishamkosea kaka yake, hakujiamini yeye.

Jumamosi walifika pamoja. Miwani ilikuwa usoni. Bosi akaweka funguo za gari mezani, barazani, akakaa.

"Haya, mama. Jina."

Bi Komeo alimtazama mke wa bosi. Alisubiri. Mawimbi yalipasuka nyuma ya ukuta, mengine yakafuata, naye akasubiri.

"Nadhani mama alikuwa na neno," alisema.

"Neno gani?" mke wa bosi akauliza. Alitazama kucha zake.

Bosi aliguna. "Acha nikusaidie. Nimeulizia huko nje. Una kaka, dereva wa pikipiki, anapitapita hapa mchana. Kweli?"

"Kweli."

"Huenda ni yeye," mke wa bosi alisema. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayepisha upepo. "Watu wa pikipiki hao, huwezi kujua."

Maneno hayo Bi Komeo aliyatembeza mwenyewe wiki nzima, aliyapeleka hadi kijiweni, mbele za watu. Sasa aliyasikia yakitoka mdomo mwingine. Angeweza kunyamaza tu. Bosi alishalitaja jina. Kilichobaki ni yeye kuitikia, na chumba kingekuwa chake. Na aliyeliuza shamba angelipa mwishowe, japo kwa deni la mtu mwingine.

"Kaka yangu hajaingia ndani ya nyumba hii," alisema. "Vitu amechukua mama. Alhamisi, kwa teksi ya kijani. Ufunguo aliochonga uko kwenye mkoba wake, utazame."

Bosi alicheka kwanza. Kisha akageuka kumtazama mkewe, na kicheko kikabaki usoni bila kazi.

Mke wa bosi akavua miwani.

"Ningekwambia leo," alimwambia mumewe.

"Lini leo?"

"Ningekwambia."

Waliyosemezana baadaye ndani, Bi Komeo hakuyasikiliza, ingawa yalimfikia hadi uani. Mwishowe mlango ulifunguka, mke wa bosi akatoka, akachukua funguo za gari mezani. Alipita juu ya mchanga, siyo juu ya vibao.

"Nilikuwa nitasema, mama," alisema alipomfikia.

"Nilikungoja, mwanangu. Wewe si ulisikia nikikungoja?"

Gari liliondoka. Bosi alikaa barazani muda mrefu, shati limemlowa, akaomba maji, akayashika bila kunywa.

"Ulijua tangu Alhamisi."

"Ndiyo, bosi."

"Hukunipigia."

"Ungemwamini nani?"

Bosi aliutazama uwanja kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Baki," alisema baadaye. "Chumba ni chako. Sina mwingine wa kumwachia." Akasimama. "Niitie pikipiki inifikishe kwenye basi."

Bi Komeo anaijua namba moja tu ya pikipiki. Mara ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili ikapokelewa.

"Nani?" kaka yake aliuliza, ingawa alijua.

"Kuna mteja."

"Wapi?"

"Unapajua."

Alikuja, akabaki nje ya lango, injini inaunguruma. Bi Komeo alimsogelea kabla bosi hajatoka.

"Nilikukosea. Wewe na wifi. Nitakuja nimwambie mwenyewe."

"Nimekuja kuchukua mteja," alisema, akitazama kioo cha pikipiki.

Bosi akatoka, akapanda nyuma yake, akamshika mabega. Aliyenunua na aliyeuza, mgongo kwa kifua, na mmoja kati yao hajui. Vumbi lilipotulia ndipo Bi Komeo alipofahamu alichokifanya. Njia ya kwenda kwenye basi ni ndefu, na bosi leo ana maswali. Kaka yake ana hasira mpya kabisa. Sentensi moja tu ingetosha: pale ulipojenga palikuwa kwa baba yetu, na huyo uliyemwachia funguo ni binti yake. Chumba alichokipata saa ile kingemponyoka kabla basi halijaondoka.

Hakuingia ndani. Alikaa langoni, simu mapajani. Jua lilikuwa bado juu ya ukuta ilipolia.

"Nimemfikisha," kaka yake alisema. Nyuma yake honi zilipigwa, makondakta wakaita abiria. "Kaniuliza kama mimi ndiye kaka yako."

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Nikasema wewe ni dada yangu."

"Na nini tena?"

"Kaniuliza kwenu ni wapi."

Bi Komeo aliibana simu sikioni mpaka ikamuumiza. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kwetu ni mbali."

Simu ikakatika. Alibaki ameishika. Ni mbali, alisema, lakini alilisema kwa sauti gani? Alicheka? Bosi aliitikia, au alinyamaza, na kama alinyamaza, alinyamaza vipi? Akapiga tena. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Akasimama, akaiweka simu kwenye sikio la pili, akapiga mara nyingine.